Mbwa wa Kipupwe: Kiumbe Asiye na Sikukuu katika Fasihi Yetu

Utangulizi

Msomaji asishtuke. Makala haya ni ya uhakiki wa fasihi, wala si ya mifugo. Lakini mawazo yake yalianzia barabarani, na sina budi kueleza yalikoanzia kabla sijafungua vitabu.

Mimi nakaa Kariakoo kwa bibi yangu mzaa mama, jirani na Mtaa wa Sikukuu. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai nilimsindikiza shangazi kupanda basi Mnazi Mmoja. Saa kumi na mbili na robo hivi, mwanga ndio kwanza unatoka. Kusi ilikuwa inavuma, na watu wamejifunika kanga na makoti kana kwamba tuko Makete. Shangazi alipokwisha kuondoka nikasikia vishindo viwanjani. Nikageuka, nikaona mbwa wanne wanakimbizana.

Mbwa hao nawajua. Ni mbwa koko wa mitaa yetu, wembamba, rangi ya mchanga, tunaowapita kila siku kwenye malundo ya taka. Mwezi wa Januari utawakuta wamelala chini ya malori, ulimi nje, hata ukiwarushia jiwe wanakutazama tu. Asubuhi ile walikuwa wengine kabisa. Mmoja analaza miguu ya mbele chini, makalio juu, anamtazama mwenzake. Halafu wote wanachomoka. Wanazunguka mti, wanabingirishana kwenye umande, wanabadilishana zamu ya kufukuza na kufukuzwa. Mmoja alikuwa na kipande kikubwa cha boksi mdomoni, wenzake wanamwania. Ndani ya boksi lile hamkuwa na chakula. Nilitazama vizuri. Lilikuwa boksi tupu, na lilitosha kuwa mchezo.

Pembeni yangu alikuwapo kijana wa mkokoteni anakunja maboksi aliyolalia. Boksi la mbwa lilikuwa lake. Nilidhani atawarushia mawe, lakini alikuwa anacheka. Akaniambia, "Hawa baridi kwao ni sikukuu, sista. Wana manyoya. Sisi tuna maboksi, na boksi lenyewe ndiyo hilo wanalo."

Nilipokuwa kwenye mwendokasi kwenda Mlimani nikajiuliza swali ambalo limezaa makala haya: je, mbwa yule nimewahi kukutana naye kitabuni? Simwulizii mbwa mlinzi, wala mbwa tusi, wala mbwa wa kutisha usiku. Namwulizia mbwa anayefurahi, hivi hivi, nje, kwenye baridi. Katika vitabu vya Kiswahili nilivyosoma mimi, tangu sekondari mpaka sasa, sikumkumbuka hata mmoja. Hoja yangu ni kwamba pengo hili si dogo. Fasihi yetu imempa mbwa kazi, haikumpa mapumziko. Na jinsi tunavyomsoma mbwa ndivyo tunavyomsoma kila aliyewekwa nje.

Baridi ya kwetu na baridi ya kwao

Kwanza tuelewane juu ya baridi yenyewe. Wasomaji wengi wa fasihi ya Kiingereza wanamjua mbwa wa theluji. Katika The Call of the Wild ya Jack London, iliyotoka mwaka 1903, mbwa Buck anatolewa California yenye joto na kupelekwa Klondike kwenye dhahabu. Anapokanyaga theluji kwa mara ya kwanza anashangaa, anainusa, anailamba, na watu wanamcheka. Ni ukurasa mdogo, lakini mwandishi amekubali kuwa mbwa anaweza kukutana na majira ya mwaka kama mtu anavyokutana nayo. Ni kweli kwamba Buck yuko kule kuvuta magari ya barafu, na kwamba viboko havimwishi. Hata hivyo anaruhusiwa kuhisi.

Sisi hatuna theluji Dar es Salaam. Tuna kipupwe. Kati ya Juni na Agosti kusi inaleta hewa kavu, na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 20. Mzungu atacheka akisikia tunaiita baridi. Lakini mbwa hatacheki. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Kwa sehemu kubwa hujipoza kwa kuhema, ulimi ukiwa nje. Mji wenye joto la nyuzi 32 na lami inayowaka ni mji unaomlazimisha kulala. Kipupwe kikiingia, mwili wake unafunguliwa. Kile tunachokiita uvivu wa mbwa koko ni joto tu, na huo uchangamfu wa Julai ndiyo tabia yake akiachiwa nafasi. Na lile pozi la kuinama mbele, makalio juu, wataalamu wa tabia za wanyama wanalitambua kama mwaliko wa mchezo. Kwa hiyo sikumpachika mbwa hisia zangu. Alikuwa anacheza kweli.

Basi mhakiki anapoona jambo linalotokea kila mwaka, mbele ya macho ya kila mtu, katika mji ulioandikwa kuliko miji mingi ya nchi hii, na halimo vitabuni, ana haki ya kuuliza kwa nini.

Mbwa katika methali na ngano

Tuanze na fasihi simulizi, maana huko ndiko mbwa alikopewa cheo chake.

Methali moja inasema: ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Tunafundishwa kwamba maana yake ni kuonya juu ya kumzoea mtu asiye na adabu, na tukishaandika hivyo kwenye mtihani tunapata alama zetu. Lakini hebu tuisome tena polepole. Methali hii inajua kwamba mbwa anacheza. Tena inajua kwamba anacheza vizuri, kiasi kwamba mtu anaweza kujisahau. Hofu yake ni mpaka: mbwa mwenye furaha hajui kizingiti kiko wapi. Yaani pahali ambapo Kiswahili kinakiri furaha ya mbwa, kinaikiri ili kuionya.

Nyingine inasema: mbwa hafi maji akiona ufuko. Hii mie naipenda zaidi. Hapa mbwa ana macho yake mwenyewe, ana tumaini, anaona nchi kavu na kupata nguvu. Lakini angalia yuko wapi: anaogelea kwa kunusurika. Amepewa moyo kwa sababu yuko hatarini. Ya tatu, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, inamfanya kivuli cha bwana wake. Kwa hiyo katika methali hizi tatu mbwa ni najisi anayefuata, mhanga anayehangaika, au chombo cha mwenyewe. Mwenye saa yake mwenyewe hayupo.

Ngano nazo zina mbwa wao. Iko hadithi inayosimuliwa Kongo na sehemu nyingine nyingi za Afrika kwamba mbwa na mbweha walikuwa ndugu wakiishi pamoja porini. Usiku mmoja wa baridi wakaona moto kijijini, mbwa akatumwa kwenda kuuleta. Alipofika akapewa mifupa, akaota moto, akanogewa, hakurudi. Mbweha mpaka leo analia kumwita. Ni ngano tamu, nayo inaeleza utumishi wa mbwa kwa sababu ya baridi: alitetemeka, akaingia ndani, akalipa kwa kulinda.

Sasa lete ngano hiyo Mnazi Mmoja mwezi wa Julai. Mambo yamegeuka. Baridi haikumsukuma mbwa kwenda kuota moto wetu. Imemtoa chini ya lori akacheze. Ngano inasema baridi ilimfanya mtumishi. Nilichokiona mimi ni baridi inayompa likizo. Sisemi ngano ni ya uongo, la hasha. Nasema ilitungwa na mwenye moto, na mwenye moto hupenda kuamini kwamba kila aliye nje anatamani kuingia.

Na mji wetu una andishi lake fupi juu ya mbwa, ambalo huenda limesomwa na watu wengi kuliko riwaya zote tunazohakiki hapa. Liko kwenye mageti ya Masaki na Mbezi: MBWA MKALI. Maneno mawili, mhusika mmoja, dhamira moja. Uswahilini kwetu Kariakoo hakuna mageti hayo, kwa hiyo mbwa wetu hana hata hadhi ya kuandikwa ukutani.

Shaaban Robert na wale manyani

Nageukia andishi kubwa. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1952. Wengi wetu tunaikumbuka: Majid, mjumbe wa Mfalme Rai, anakwenda Janibu kudai kodi, na usiku anamwona liwali Adili akiwachapa manyani wawili huku moyo ukimuuma, kisha akiwalisha. Baadaye tunaambiwa kuwa manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya ubaya waliomtendea.

Imekwisha kuonyeshwa na wataalamu kwamba kisa hiki kina asili katika Alfu Lela Ulela, kwenye hadithi ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra zama za Harun al-Rashid. Mkasa ni ule ule: mjumbe wa kodi, usiku, viboko, chakula, machozi. Lakini kule waliogeuzwa ni mbwa. Shaaban Robert amewatoa mbwa, akawaingiza manyani.

Kwa nini? Jibu la haraka ni la dini na desturi. Pwani yetu inafuata zaidi madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Liwali mwema anayewalisha mbwa chumbani kwake kila usiku angemkera msomaji wa Tanga au Unguja kabla hajafika kwenye funzo. Tena nyani anafanana na mtu. Ukimwona nyani analia ni rahisi kuamini kwamba ndani yake mna mwanadamu. Kwa hiyo badiliko hilo ni la busara, na linaonyesha mwandishi aliyewajua wasomaji wake.

Hata hivyo nadhani kuna kilichopotea. Wasikilizaji wa kisa cha Basra nao walikuwa Waislamu, nao walijua hukumu ya mbwa. Kwao ukali wa hadithi ulikuwa papo hapo: mtu mwenye cheo anakaa usiku na kilichokatazwa, kwa sababu kilichokatazwa ni ndugu yake. Ukiweka nyani, huruma ya Adili inabaki, lakini haigharimu kitu mbele ya jamii. Mtu anayemlisha nyani ni mpole tu. Anayemlisha mbwa chumbani mwake amevuka mpaka. Shaaban Robert, mshairi wa utu kuliko wote tulio nao, hapa aliuhifadhi mpaka na kuuacha utu ufanye kazi ndani yake. Silisemi hili kama lawama. Nalisema kwa sababu linaonyesha jinsi mlango ulivyofungwa barabara: hata katika kuadhibiwa, hata kwa sura ya ndugu, mbwa hakuingia ndani.

Na ajabu ni kwamba dini yenyewe haikufunga hivyo. Katika Sura ya Pango, vijana waliolala pangoni wana mbwa wao, naye amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Watu wanapobishana juu ya idadi yao, mbwa anahesabiwa kila mara: wa nne wao, wa sita wao, wa nane wao. Hayuko ndani, lakini yumo katika hesabu. Hadithi ya Mtume nayo inamtaja mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa anakufa kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Kwa hiyo aliyemnyima mbwa ukurasa ni sisi, na tukasingizia kitabu.

Tusi

Mwalimu Nyerere alipofasiri Shakespeare na kutoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alikutana na Shylock, Myahudi anayeitwa mbwa na wafanyabiashara wenzake, kisha wanakuja kumkopa. Shylock anawauliza, kwa maana yake, tangu lini mbwa akawa na fedha za kukopesha. Nadhani Mwalimu hakuhangaika kutafuta neno. Tusi lilikuwa tayari, limeiva, linatumika sokoni.

Nasema sokoni kwa sababu nimelisikia. Wiki ile ile ya Julai, mwenye duka mmoja mtaani kwetu alimtolea yule kijana wa mkokoteni, kisa gurudumu limegusa mzigo wake. "Toka, mbwa we!" Kijana hakujibu. Akasukuma mkokoteni wake akapita. Nikakumbuka kicheko chake cha asubuhi kule viwanjani, nikaona aibu ambayo sikuielewa mara moja. Baadaye nikaielewa: yeye alikuwa amemwona mbwa na kumcheka kwa urafiki, hali mwenye duka hakumwona mbwa wala kijana. Alikuwa na neno tu.

Mbwa wa Peponi

Hapo ndipo riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliponisaidia. Paradise ilitoka mwaka 1994. Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata tukapata Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake, anapelekwa kwa tajiri Aziz na kuwekwa dukani pamoja na Khalil. Usiku wanalala nje, barazani. Na usiku mbwa wanakuja. Yusuf anawaogopa mno, wanamwingia hata ndotoni. Mwishoni mwa riwaya, askari wa Mjerumani wanapita wakikamata watu kwa ajili ya vita inayoanza. Wakishaondoka, Yusuf anawaona mbwa wanakula kinyesi kilichoachwa kambini, anahisi kwamba wamemtambua kuwa mwenzao, na ghafla anakimbia kuufuata msafara ule.

Wengi tunaousoma mwisho huo tunasema: mbwa ni ishara ya udhalili, Yusuf anajiona dhalili, basi. Mimi naona usomaji huo umewahi kufunga kitabu. Tujiulize Yusuf na mbwa wanakutana wapi mara zote mbili. Wanakutana nje. Ndani ni bustani ya tajiri, yenye ukuta, maji na miti, yaani hiyo pepo ya jina la kitabu. Yusuf hakulala barazani kwa kupenda hewa. Yuko pale kwa sababu rehani hulala barazani. Mbwa hawakuja kumwonyesha tabia yake mbaya. Walikuwa majirani zake tangu mwanzo, na nje ndiyo anwani yao wote. Gurnah anajua kwamba nje ni cheo. Anayewekwa nje akikaa muda mrefu anaanza kuwatazama majirani zake na kudhani wanamjua.

Lakini hata Gurnah, msanii makini namna hiyo, hakuwapa mbwa wale dakika moja ya kuwa mbwa tu. Wanatisha, wanakula uchafu, wanatambua. Wako pale kwa ajili ya Yusuf. Pengine riwaya yake haikuwa na nafasi ya zaidi. Kila kitu mle kinabanwa kuelekea kwenye vita. Nalitaja kama kipimo cha jinsi desturi ilivyo na nguvu.

Na vita hiyo ndiyo iliyotupa jina la mtaa. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, sehemu hii ikawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na ndimi za watu zikalifanya neno hilo Kariakoo. Mtaa wetu una jina la watu waliobeba mizigo ya vita ya wengine na kulala nje. Viwanja vya Mnazi Mmoja navyo vilikuwa mpaka: wakoloni waliliacha eneo lile wazi ili kutenganisha Uhindini na mitaa ya Waafrika. Kwa hiyo pale mbwa walipokuwa wanacheza paliachwa wazi ili watu wasichanganyikane. Mbwa wanaukatiza mpaka huo kila asubuhi bila kujua kwamba ulikuwapo.

Pingamizi

Nilipoyaeleza haya kwenye kikundi chetu cha majadiliano, mwenzangu mmoja alinijia juu. "Jamani, watu wanalala nje, wewe unatuandikia raha za mbwa? Huo ni ubwenyenye." Pingamizi hilo ni zito, na silipuuzi. Yako mapenzi ya mbwa yanayotokana na shibe, ya mtu anayemnunulia mbwa nyama huku mlinzi wake anakunywa chai kavu. Fasihi ikianza kumsifu mbwa wa namna hiyo, mie nitakuwa wa kwanza kuikataa.

Ila naomba tuangalie nani aliyewaona mbwa wa Mnazi Mmoja kwa usahihi. Sikuwa mimi wa kwanza. Alikuwa kijana aliyeibiwa boksi lake. Yeye ndiye aliyesema baridi kwao ni sikukuu, na katika pumzi ile ile akasema kwetu si sikukuu. Aliweka mambo mawili pamoja, raha ya mbwa na karaha yake, wala moja halikufuta jingine. Mimi sijaona uhalisia mkubwa kuliko huo. Mwandishi ambaye angemfuta mbwa ili shida ya kijana ionekane zaidi, angefuta na kicheko cha kijana. Angebaki na maskini wa kitabuni, yule tunayemjua sana: analia, anateseka, anazinduka ukurasa wa mwisho. Yule wa kweli asubuhi ile alikuwa anacheka.

Wa pili alisema mbwa kitabuni lazima awe ishara, la sivyo wa nini? Nikamjibu kwamba mvua kitabuni inaweza kuwa ishara, lakini kwanza lazima ilowanishe mtu. Sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa wa kuruka hatua ya kwanza. Tunauliza "mbwa anawakilisha nini" kabla hatujauliza "mbwa anafanya nini". Ndivyo anavyofanya mwenye duka: ana neno, haoni kiumbe.

Hitimisho

Sidai kwamba waandishi wetu waache dhamira nzito waanze kuandika vichekesho vya wanyama. Nadai jambo dogo. Mwandishi atakayeandika Kariakoo ya kipupwe, akatia mikokoteni, chai ya tangawizi, makoti ya mitumba na watu waliolala kwenye maboksi, awatie na wale mbwa wanne wakikimbia, na awaache wakimbie mpaka mwisho wa sentensi bila kuwageuza kitu kingine. Na mhakiki atakayemsoma asiharakishe kuandika pembeni "taswira ya udhalili".

Nilimsomea bibi sehemu ya makala haya. Bibi ni mtu wa udhu. Mbwa akikaribia mlango wetu, ufagio hauko mbali. Alisikiliza mpaka kwenye kisa cha kiatu na kisima, akanikatiza. "Hicho nakijua tangu chuoni, mjukuu wangu. Unadhani lile sufuria bovu pale nje nimemwekea nani?" Kweli, liko sufuria limetoboka mpini, chini ya ngazi, lina maji kila siku. Nilikuwa nalipita miaka yote nikidhani ni la kuku wa jirani. Nikamwuliza mbona basi anawafukuza. Akasema, "Ndani ni ndani. Lakini nje ni kwao pia."

Nimejaribu kulisema hilo kwa kurasa kadhaa, yeye amelisema kwa pumzi moja. Wenye hoja tofauti nawakaribisha, kalamu wanazo.